Tangi Lililonyimwa Hewa

Pauline na mumewe Joash waliishi Muhuru Bay. Walinunua omena, dagaa wa ziwani, kwa wavuvi, wakaianika, wakaijaza katika magunia. Kila Ijumaa asubuhi walipakia magunia kwenye pikapu yao ya zamani. Walipita Migori na Rongo mpaka Rodi Kopany. Huko kulikuwa na shule ya bweni, mnunuzi wao mkubwa.

Mtunza stoo wa shule hiyo, Madam Edinah, alikuwa mtu wa saa. Alitaka omena kabla ya saa nne, ili wapishi wapate muda wa kuichambua. Lakini wiki mbili mfululizo Joash na Pauline walifika saa sita kasoro. Mara ya pili Edinah hakugomba. Alisema tu kwamba wakichelewa tena, atatafuta mtu mwingine. Maneno hayo yalimuuma Pauline sana. Bila shule hiyo, biashara yao ingekufa.

Kilichowachelewesha kilikuwa tangi la pikapu. Lilikataa kujaa. Walipofika kituo cha petroli Migori, pampu ilitoa mafuta kidogo, ikakata. Ikatoa tena, ikakata. Siku moja petroli iliruka nje ikamlowesha Suhail, kijana wa pampu. Madereva waliokuwa nyuma walipiga honi. Joash aliona aibu, akaondoka na mafuta kidogo. Alipofika Rongo alisimama kwenye kituo kingine, na mambo yakawa yale yale.

Joash alilaumu pampu zote mbili. Wanaume wengine ni hodari wa kulaumu. Alhamisi, siku moja kabla ya safari, alileta mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Alisema ataujaza petroli na kuuweka katikati ya magunia. Mafuta ya tangi yakiisha, atamimina mwenyewe njiani.

Pauline aliutazama ule mtungi, akaushusha chini.

"Baba Gisiri, petroli na chakula havipandi gari moja," alimwambia mumewe. "Na moto ukishika, tutazima na nini? Mimi gari hiyo sipandi."

"Sasa unataka tufanye aje?"

"Twende kwa fundi. Leo, si kesho."

Joash alijaribu kubisha, lakini Pauline alikuwa ameshaingia garini na kufunga mlango. Walienda Migori kwa Fundi Bhoke, mwanamke mwenye gereji yake mwenyewe. Bhoke alisikiliza bila kuwakatiza. Kisha akauliza shida hiyo ilianza lini.

Joash alikohoa. Pauline ndiye aliyejibu. Alieleza kwamba sokoni wanunuzi huchota omena kiganjani na kuinusa kabla ya kununua. Mwezi uliopita waliirudisha, wakisema inanuka petroli. Joash aliingia chini ya gari. Aliona mpira mmoja mwembamba, karibu na tangi, umepasuka. Aliukunja, akaufunga kwa kipande cha blada, mpira wa ndani wa gurudumu. Harufu iliisha, na Joash akajiita fundi mbele ya majirani wote.

Bhoke hakumcheka. Alichukua chupa tupu ya soda na faneli. Aliweka faneli kwenye mdomo wa chupa, akaziba pembeni kwa sabuni laini. Halafu akamimina maji. Maji yalikaa ndani ya faneli, yakishuka tone moja moja.

"Maji hayashuki kwa nini?" aliuliza.

"Pengine faneli imeziba," alisema Joash.

Bhoke alitoboa sabuni kwa msumari. Hewa ikatoka, maji yakashuka mara moja.

"Chupa haikuwa tupu," alisema. "Ilijaa hewa. Mafuta yakiingia kwa tangi, hewa lazima itoke. Ule mpira mwembamba ndio njia yake. Wewe uliufunga, bwana. Hewa ikikosa njia, inasukuma mafuta yarudi juu, na pampu inakata."

Joash aliinamisha kichwa. Alikubali kwamba alifukuza harufu tu, ugonjwa akauacha ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Bhoke alihakikisha injini imezimwa na imepoa. Hakuruhusu sigara wala moto karibu, na aliweka ndoo ya mchanga kando. Alitoa mpira uliopasuka, akaweka mpya unaostahimili petroli. Aliukaza kwa klipu pande zote mbili. Kisha akapitisha mkono kwenye mpira wote kuona kama umejikunja au kubanwa. Alisema njia ya hewa ya magari mengine huzibwa na tope au viota vya wadudu, bila mtu kufunga kitu. Tangi likijaa polepole, alisema, jaribu kwanza pampu nyingine. Ikiwa ni vile vile, mpelekee fundi aangalie njia ya hewa. Usichokonoe kwa waya.

"Na ukisikia harufu ya petroli, tafuta inapovuja," aliongeza. "Usiizibe tu. Harufu ni onyo."

Kesho yake Suhail alisimama mbali kidogo alipoanza kuwajazia. Alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini pampu ilikwenda bila kukata mpaka tangi likajaa. Pampu ilipojizima, Joash alimwambia asiongeze hata tone. Hawakusimama Rongo.

Walifika shuleni saa tatu na robo. Madam Edinah alikuwa mlangoni mwa stoo, simu mkononi. Alitazama saa yake, akawatazama wao.

"Nilikuwa nimeshaongea na mwingine, yuko njiani," alisema. "Ngoja nimwambie arudi."

Pauline alifungua mlango wa nyuma wa pikapu, akavuta gunia la kwanza mwenyewe.