Makofi Hayakuwa Ruhusa

Kila asubuhi Felistus alishuka mtoni na ndoo zake. Alimwagilia mboga yake ya sukuma, kisha akaipeleka sokoni Nagongera. Alikuwa mjane. Sukuma ndiyo iliyomlisha yeye na watoto.

Kiwanda cha ngozi kilipoanza kazi upande wa juu wa mto, maji yalianza kunuka kama mzoga. Sukuma ikaungua majani. Sokoni wanunuzi walimpita.

"Mama Emmy, mboga yako yanuka ng'ombe aliyekufa!" mmoja alimcheka.

Felistus alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Okurut.

"Nani aliwaruhusu watu hawa kumwaga uchafu mtoni?"

"Kwani si nyinyi? Mgeni wao aliposema, mlipiga makofi."

Felistus alikumbuka. Kweli, mgeni wa kiwanda, mwenye tai shingoni, alikuja kwenye mkutano wa kijiji. Alisema Kiingereza mpaka watu wakasinzia. Alipomaliza, walimpigia makofi, kama wanavyompigia kila mgeni.

"Ile ilikuwa heshima, mzee! Heshima yetu ndiyo mmeigeuza ruhusa? Mungu alitupa sisi mto. Hakuwapa wao choo!"

"Yamepita hayo, mama. Rudi shambani."

"Shamba gani?"

Alirudi akilia kwa hasira. Jirani yake Nasifa, aliyefanya kazi na kikundi cha kutetea haki mjini Tororo, alimsikiliza.

"Dada, watu wa kiwanda walitakiwa kuwaeleza kwa lugha mnayoielewa. Halafu wawasikilize."

"Sasa nitafanya nini? Shule yenyewe niliishia darasa la saba."

"Raia ana haki ya kuuliza, amesoma au hakusoma. Twende wilayani tuombe ripoti ya mazingira ya kiwanda. Kama wamekosea, tutashtaki."

Ofisini karani aliwatazama juu hadi chini. "Ripoti hiyo ni ya wataalamu."

"Wataalamu ndio wanaokunywa maji yale?" Felistus aliuliza.

"Sheria inampa raia haki ya kupata habari za serikali," Nasifa aliongeza. "Ukikataa, tuandikie sababu."

Karani hakuandika. Baada ya siku kadhaa walipewa ripoti. Nasifa alimsomea Felistus: kiwanda kiliahidi kuchimba mashimo ya kusafishia maji machafu kabla hayajafika mtoni. Lakini kule kiwandani hakuna hata shimo moja lililochimbwa!

Walipeleka malalamiko. Wilaya ikaitisha mkutano mpya, ukatangazwa kanisani na msikitini. Mgeni mwenye tai alikuja tena, safari hii na mkalimani wa Dhopadhola, lugha ya wanakijiji. Alimaliza kusema, akatabasamu, akangoja.

Hakuna aliyepiga makofi.

Felistus alisimama. "Mashimo yako wapi?"

Mgeni alianza kukusanya karatasi zake.

Wakaguzi wa mazingira walikuja, wakakifunga kiwanda mpaka mashimo yachimbwe. Mto ulichelewa kupona, lakini ulipona. Sukuma ya Felistus ikarudi sokoni.

Siku ya kufungua kiwanda tena, mzee Okurut aliinua mikono apige makofi. Felistus aliishika.

"Ngoja kwanza, mzee. Watusomee majibu ya kupima maji. Kwa lugha yetu."