Rangi za Nusu Doti

Kikamuo kiliilamba picha ya sinia la pilau kwa ulimi wake wa mwanga, kikatulia kama mtu anayeonja chumvi, kisha kikamwaga rangi tano juu ya meza: kahawia ya wali uliokolea viungo, nyekundu ya nyanya, kijani cha pilipili, nyeupe ya kitunguu, na ya tano ambayo mwenye picha hakuitarajia.

"Hiki ni kidole gumba cha mpiga picha," kikasema. "Nikiondoe?"

Nyumba nzima ikacheka. Mwenye picha, bwana mmoja aliyetaka kupaka nyumba yake rangi za pilau la mkewe ili asamehewe kosa ambalo hakulitaja, alisema kidole kiachwe, kitapakwa barazani.

Hiyo ndiyo Tanga ya zama za kuta-hai, kuta zinazobadili rangi kwa kuamriwa tu. Ungeweza kuiambia nyumba yako iwe samawati asubuhi na zambarau jioni, nayo isilalamike. Taabu ilikuwa moja: watu hawakujua watake nini. Ndipo vikaundwa vikamuarangi, mitambo inayokamua rangi kutoka kwenye picha kama unavyokamua tui kwenye nazi. Mwajabu, mchora kanga wa Ngamiani, alikuwa nacho kimoja, chenye umbo la sufuria iliyofudikizwa, akikiita Kikamuo kama anayemwita mtoto wa ndugu.

Kila mgeni mpya alielezwa namna kinavyofanya kazi, atake asitake. Picha moja, Mwajabu alisema, ni nukta za rangi kwa mamilioni. Kikamuo huziita kwa koo zao: za manjano huku, za kijani kule, na kila ukoo hutoa mjumbe mmoja. Wajumbe wakishapatikana hupangwa pamoja, na mpango huo ndio chano cha rangi. Chano huingizwa kwenye ubao-mwanga, ndani ya programu ya kuchorea, Mwajabu akachora maua na mapindo kwa rangi hizo hizo, na mfumaji wa juu ya paa, roboti mwenye mikono kama pweza, huitoa kanga kabla kahawa haijapoa.

Na kahawa ilikuwapo siku zote. Kwa Mwajabu watu walikuja na picha moja wakakaa mpaka alasiri. Alijua nani kaposwa, nani karudishiwa posa, na nani anakula kwa jirani akidai amefunga. Kumwambia Mwajabu jambo ilikuwa kumwaga mchele kwenye kuku wengi. Lakini kitu kimoja hakikuwahi kumtoka: rangi ya sare ya harusi. Upande wa bi harusi huchagua sare yao kwa siri, upande wa bwana harusi yao kwa siri, na pande mbili zikikutana ukumbini kwa rangi moja, hapo hakuna harusi, kuna vita. Siri hiyo ilikufa kifuani mwa Mwajabu, kwa kuwa ndiyo iliyomlisha.

Siku hiyo alikuja Pili, shangazi wa bi harusi Nuriati, akiwa na mama yake, Bi Chausiku, bibi mwenye tambuu shavuni na masikio yaliyosikia pale tu alipotaka. Pili alinong'ona, akatoa picha: Bi Chausiku siku ya harusi ya Pili mwenyewe, kajitanda kanga ya zambarau na manjano ya bizari, inang'aa kama imetoka dukani saa ile. Kikamuo kikakamua, chano kikafungwa kwa jina la Nuriati, kazi ikaisha. Lakini nani aliwahi kuondoka kwa Mwajabu kwa sababu kazi imeisha? Palikuwa na habari mbichi ya mama wa mtaa wa pili ambaye roboti wake wa kupikia alikutwa anapeleka mchuzi kwa jirani. Pili akavuta mkeka.

Ndipo akaingia Bi Zena, mama wa bwana harusi Hatibu. Wakwe wakaamkiana kwa meno yote, wakaulizana afya hata za kuku. Kisha Bi Zena akamvuta Mwajabu nyuma ya pazia, akachomoa picha ndani ya buibui. Ilimwonyesha marehemu mama yake, Bi Mashavu, uani kwake, kambeba Hatibu mchanga kwa mbeleko ya kanga.

"Hizi ndizo rangi alizombebea mwanangu," alisema. "Nataka ukumbi mzima umwone."

Mwajabu akaitia picha kwenye mtambo. Alichosahau ni kwamba Kikamuo kilifundwa kuzuia wizi wa michoro, na kilifundwa kuutangaza.

"Samahani," kikasema kwa sauti ya msoma habari. "Chano hiki kimeshachukuliwa. Ni sare ya harusi ya Nuriati, upande wa bi harusi."

Hata kahawa iliacha kuchemka. Pazia likafunguliwa kwa upande mmoja na Pili, na kwa upande mwingine na Bi Zena.

"Kumbe mmekuja kutuchungulia," Pili alisema.

"Tuwachungulieni nini, mkwe? Nyinyi ndio mmekaa hapa kama paka chini ya meza ya samaki."

Maneno yakapanda. Bi Zena alisema kama wanaibiwa kabla ya ndoa, baada ya ndoa wataamka hawana paa. Pili alisema Ijumaa ya harusi si mbali, na ukumbi ukibaki mtupu hakuna atakayekufa. Kisha wote wawili wakamgeukia Mwajabu, maana siri ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Mwajabu akaapa kwa macho yake na kwa kaburi la mama yake. Hakuna aliyemwamini. Habari za kila mtu mjini walizisikia kwa mdomo huo huo, kwa nini leo uwe mdomo mwingine? Akaona maisha yake yote yakitoka mlangoni. Mchoraji aliyetoboa sare asingeletewa tena hata leso ya kufutia jasho.

"Kikamuo," akasema, "waambie nani kamwibia nani."

"Hakuna aliyeiba," kikajibu. "Picha ni mbili, za miaka tofauti. Kitambaa ndicho kimoja."

Kikazitupa picha zote mbili ukutani, kubwa kama milango. Kikaonyesha ukingo wa kanga ya Bi Chausiku: umekatwa kwa mkono, mkasi ukaenda tenge. Kikaonyesha ukingo wa kanga ya Bi Mashavu: tenge hiyo hiyo, upande wa pili. Kikavisogeza vipande hivyo, vikakutana kama midomo.

Hapo hapakuhitajika mtambo. Kila mwanamke mle ndani alijua kwamba kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na kwamba mashoga walioshibana hununua doti moja, wakaikata, kila mmoja akachukua nusu.

Macho yote yakamwendea Bi Chausiku, ambaye alikuwa akihamisha tambuu kutoka shavu hili kwenda lile. Posa ilipoletwa alikuwa amesema hawajui watu hao, hajapata kuwaona.

"Ile si ya Mashavu," akasema hatimaye, masikio yamepona ghafla. "Ya Mashavu ilikuwa tambara la kudekia. Na kama ingekuwa yake, mbona mpya?"

"Upya huo nimeuweka mimi," Kikamuo kikasema. "Kabla ya kukamua huwa nasahihisha. Kwangu mimi, kupauka ni hitilafu."

"Irudishe ilivyokuwa," alisema Bi Zena.

Ukutani zambarau ikazimika ikawa rangi ya maji ya zabibu, manjano ikawa kama mchanga. Kikamuo kikaeleza kwamba hitilafu hiyo ni ya sabuni na jua. Kitambaa kimefuliwa mno, na sehemu ya chini imefuliwa kuliko ya juu.

Bi Zena akaona haya. "Hatibu alikuwa haachi kukojoa," akasema, na siri ya bwana harusi ikawa imefika kwa wakwe zake kabla ya mahari. Nyumba ikaangua kicheko, Pili akasahau kununa.

Kicheko kilipotua, Bi Zena aliwaambia kwamba walimnunulia mama yake kanga mpya kila Idi, naye akazigawa. Ile alikataa kuivua. Akiulizwa alisema ina mwenzake, na siku mwenzake akipita njia hii amkute nayo.

Bi Chausiku aliacha kutafuna.

"Alinisalimu sokoni nikamgeuzia mgongo," akasema. "Yangu nimeivaa siku moja tu. Niliifungia sandukuni kwa hasira. Niliambiwa anadekia kanga yetu."

"Nani alikwambia, bibi?" Bi Zena akauliza.

Bi Chausiku akamtazama Mwajabu, tena bila ukali. "Mama yake huyu. Alikuwa akija kunywa kahawa kwangu. Alikuwa mcheshi hivi hivi."

Mwajabu akaliinua birika la kahawa, akalirudisha bila kummiminia mtu. Wageni wakachungulia vikombe vyao, kila mtu akikumbuka alichotoka nacho humu juma lililopita na mahali alipokwenda kukitua.

Bi Chausiku ndiye aliyekata shauri. Upande wa Hatibu watavaa rangi iliyokolea, ile iliyofungiwa. Upande wa Nuriati watavaa iliyopauka, na yeye atakaa mbele. Pili alianza kusema kwamba bi harusi hawezi kuonekana kama nguo iliyoachwa kambani tangu jana, akaona uso wa mama yake, akayameza maneno.

"Chano cha pili kina hitilafu," Kikamuo kikakumbusha. "Nisahihishe?"

"Koma," akasema Bi Chausiku. "Hiyo si hitilafu."

"Niiandike kama nini?"

"Andika: imevaliwa."

Kikamuo kikatafuta pa kuliweka neno hilo, kisha kikaliandika.

Ilibaki kanga ipewe jina. Mwajabu akachukua kalamu-mwanga, akauliza kwa sauti ndogo pindoni paandikwe nini. Bibi hakufikiri.

"NILIAMBIWA, SIKUULIZA."

Juu ya paa mfumaji akaanza kunguruma. Wageni wakatoka mmoja mmoja, wakwe wameshikana mikono, Bi Zena kambebea Bi Chausiku kikapu chake cha tambuu. Mama mmoja tu alibaki nyuma. Akasogea, akamwinamia Mwajabu sikioni: ule mchuzi wa roboti, ni kweli ulikuwa unapelekwa kwa yule mwanamume wa jirani?

Mwajabu akafungua mdomo. Kwenye kamba za paa kanga za kwanza zilikuwa zimeshatundikwa, na upepo ukazifunua moja baada ya nyingine, maneno yakaonekana.

"Mwenye roboti si jirani yako?" akasema. "Nenda kamuulize."