Huyu Tumwite Nani?

Nilikwenda Chala kuchukua mkanda wa video. Sikuwa na safari nyingine. Gari lilipata pancha njiani, nikafika jua linazama, vumbi limenijaa mpaka kwenye kilemba, rozari mkononi.

Nitasema polepole. Nikisema haraka natetemeka.

Mwanangu Oswaldi alikuwa mtafsiri wa picha katika kibanda cha video pale Chanji. Picha inacheza kwa Kichina au Kijapani, yeye amekaa pembeni na maiki, anawaeleza watu kwa Kiswahili. Wenzake walitafsiri picha za ngumi na za mapenzi. Yeye alipenda majitu. Picha za zamani za Asia, zenye dude kubwa kama mlima linalokanyaga miji. Tena siyo zile zinazojulikana. Alitafuta zile ambazo hakuna mtu anazo. Aliagizia Tunduma, aliagizia Kigoma. Kuna fundi mmoja Mchina wa barabara alimbembeleza mwaka mzima, mpaka akamletea moja ya Taiwani imeviringishwa ndani ya suruali. Zote aliziandika kwenye daftari. Akiipata, anaweka alama ya vema.

"Mama, hii duniani wameiona watu mia," aliniambia siku moja. "Sasa na Chanji tumeiona."

Alikuwa na mtindo wake. Akitokea mtu ambaye jitu litamkanyaga, alisimamisha picha na kuuliza, "Huyu tumwite nani?" Kibanda kizima kinapiga kelele majina ya jirani. Yeye anasema, "Sijasikia!" Wanapaza zaidi. Basi jitu linamkanyaga Sadick muuza nyama, na Sadick mwenyewe amekaa benchi la mbele, anacheka mpaka machozi.

Oswaldi alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa nane. Tulimkuta katika shamba letu la ulezi, Malangali, ulezi umekwisha kuvunwa. Kifua kilikuwa kimebonyea. Hospitali waliandika kwamba aligongwa na gari. Sikubishana nao. Lakini pale hapana barabara. Na pale alipolala palikuwa na shimo pana, refu kuliko kitanda, limejaa maji.

Mwezi wa nane, kiangazi. Maji.

Simu yake ilisagika pamoja naye, na sauti yake yote ilikuwa humo. Mkewe, Jane, alikuwa mjamzito. Angela akazaliwa Desemba. Sasa anatembea. Anasema "bibi" na "maji" tu, jina lake bado hajaliweza. Mimi nikaanza kusahau. Nikifumba macho nilimwona mwanangu, midomo inacheza, lakini hakuwa na sauti. Kila misa nilimwomba Mungu: niisikie mara moja tu. Na mtoto huyu aisikie.

Ndipo nikafungua daftari. Mstari wa mwisho ulisema: *Jitu la mpunga. Ya Thailandi. Haina jina. Mkanda ni mmoja, kwa mzee Abdala, Chala. Nimetafsiri, sauti yangu imo.* Na alama ya vema. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: *Isichezwe.*

Nililiona neno lile. Nikalifunika kwa kidole, nikasoma yaliyobaki.

Mzee Abdala alikuwa na kibanda cha video zamani. Siku hizi ni stoo ya mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usiniambie jina. Wewe ni mama yake Oswaldi, paji la uso ni lile lile." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Umefuata mkanda."

"Ndiyo."

Alinipeleka chumba cha nyuma. Kati ya magunia kulikuwa na TV ya chogo, deki, na kiti kimoja. Mkanda ulikuwa juu ya deki, umefungwa kwa kitambaa.

"Alirekodi sauti yake hapa, kwenye kiti hicho. Sijaugusa tangu siku ile."

"Kwa nini?"

Adhana ikasikika. Akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Ngoja nikaswali Magharibi. Nikirudi nitakueleza. Halafu, kama bado utataka, tutaangalia wote."

Akaondoka.

Laiti ningengoja. Mungu wangu, ningengoja! Lakini sauti ya mwanangu ilikuwa ndani ya kitambaa kile, hatua moja kutoka mkononi mwangu. Nilifungua fundo. Nikasukuma mkanda ndani.

Mistari myeupe... Shshshsh... Kisha mashamba ya mpunga, bila rangi, maji yametulia.

"Mpo?"

Ilikuwa sauti yake. Niliziba mdomo kwa kilemba nikalia.

Mbali, nyuma ya mpunga, kitu kilisimama. Nilidhani ni kilima. Kilima kikapiga hatua.

Du...

Gunia la mahindi lililo karibu nami likatikisika.

Du...

Harufu ikaingia chumbani. Matope mabichi, ya mahali ambapo maji hayakauki. Kwenye picha akatokea mtoto mdogo, anakimbia, mgongo kwetu. Picha ikasimama.

"Huyu tumwite nani?" akauliza mwanangu.

Nilijua ni mkanda tu. Lakini nilikuwa na furaha, nimekaa peke yangu na mwanangu, na ameniuliza. Nilitaka amjue binti yake. Nikanong'ona, "Angela."

"Sijasikia."

Nikapaza sauti. "Angela, baba! Anaitwa Angela!"

Picha ilibaki imesimama. Ndani yake nilisikia kitu kinapumua, na hakikuwa mwanangu.

"Haya," ikasema sauti. "Angela."

Na jitu, lililokuwa likitazama kwingine, likageuka.

Mzee Abdala aliingia mbio akang'oa waya. Picha ikafa. Harufu haikuondoka.

"Umejibu?"

"Nimejibu."

Akaketi chini, juu ya mahindi yaliyomwagika. "Siku ile nilikuwa nje ya mlango huu, namsikia," akasema kwa sauti ndogo. "Hakuwa na watazamaji. Akauliza kama kawaida yake, kisha akajijibu mwenyewe. Akasema Oswaldi. Akatoka anacheka, ananiambia, 'Mzee, leo nimejikanyagisha.' Wiki ile ile..."

"Rudisha nyuma," nikamwambia. "Itauliza tena. Nitajibu jina langu."

Tulirudisha. Mpunga. Kilima. Mtoto anakimbia. Lakini picha haikusimama, na sauti haikuuliza.

"Huyu anaitwa Angela," ilisema tu, kama ilivyosema siku zote. "Angela anakimbia. Angela amechoka."

Mzee Abdala akazima. "Wallahi alisema Oswaldi," alirudia, "alisema Oswaldi."

Nilirudi nyumbani Malangali asubuhi. Mtoto alikuwa mzima, anachezea sufuria. Nikaenda shambani. Pale alipofia mwanangu palikuwa na shimo jipya, limejaa maji.

Tangu siku hiyo kila alfajiri kuna moja, mbele ya lile la jana. Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Alilizunguka shimo bila kulitazama, akaniambia nisali. Jane alimpeleka mtoto kwa ndugu zake Namanyere. Walipoamka, shimo lilikuwa nyuma ya nyumba ile. Wakarudi. Sasa la mwisho liko kwenye zizi la mbuzi.

Kila jioni naketi kizingitini, nausogeza mgongo mpaka ugonge mlango, nasali rozari. Nikimaliza nasema jina langu kuelekea shambani: "Fransiska. Mwite Fransiska."

Jana, kwa mara ya kwanza, nilijibiwa. Ilitangulia harufu. Mbuzi wakanyamaza wote kwa pamoja. Kisha sauti ya mwanangu, karibu kabisa, ya utani, kama pale kibandani.

"Sijasikia."

Nikavuta pumzi nipaze jina langu kwa nguvu zangu zote.

Nyuma yangu, ndani ya nyumba, mtoto akanitangulia.

"Angela!"