Godoro la Mama Wakana

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Kunihiko alikuwa ameshakunja magodoro mawili ya pamba, lake na la binti yake Wakana. Aliyasukuma kabatini yakiwa bado na joto la mwili, akafunga mlango kabisa. Hakutaka watu waseme kwamba mgane hajui kutunza nyumba.

Chini kabisa kabatini kulikuwa na godoro la tatu, la marehemu mkewe, Yoshino. Lilishonwa kwa ajili ya harusi yao. Tangu msiba, Kunihiko hakuligusa.

Wakana alikohoa kila alfajiri. Daktari alimpa dawa, akashauri pia waangalie matandiko. Kunihiko alichukia. Matandiko yake? Nyumba safi vile!

Siku moja ya jua, mvua za majira zilipokwisha, alitundika magodoro mawili kwenye ukingo wa roshani, akayacharaza kwa kipigio cha mwanzi. Pa! Pa! Jirani yake, Bibi Tokie, aliyewahi kushona magodoro, alichungulia.

"Baba Wakana! Hilo godoro limekukosea nini?"

"Natoa vumbi, bibi."

"Unavunja pamba! Nyuzi zinakatika, zinakuwa vumbi jipya, halafu mtoto analilalia. Hebu nione unakoyaweka."

Bibi Tokie alikuja, akafungua kabati, akaziba pua. Alivuta godoro la chini, akaligeuza.

Kunihiko alishtuka. Upande wa chini wote ulikuwa mweusi kwa kuvu. Hata ubao wa kabati ulikuwa umeota kuvu.

"Lini uliwahi kulianika?"

"Sijawahi," alisema Kunihiko. "Niliogopa harufu ya Yoshino itapotea."

"Imeshapotea, mwanangu. Hii ni ya kuvu. Nadhani ndiyo inayomkohoza mtoto."

Kunihiko alilia mbele ya jirani, wala hakuona haya.

"Sikiliza," Bibi Tokie alisema. "Mtu akilala hutoa jasho, hata wakati wa baridi, na godoro hulinywa. Ukiamka, lipindue, liache lipumue. Likikauka, ndipo ulikunje. Siku ya jua lianike jua likishapanda, uligeuze upande wa pili. Liingize mapema mchana, unyevu usije ukalirudia. Usilipige. Lipanguse kwa mkono, kisha pitisha mashine ya kuvuta vumbi polepole. Kabatini weka chaga za mbao chini, na mlango uache wazi kidogo."

"Na hili la Yoshino? Ndiyo basi tena?"

Bibi Tokie alichukua mkasi, akafumua mshono. Sehemu kubwa ya pamba ilikuwa imeoza. Katikati, ilikuwa bado nyeupe.

"La mtu mzima halitoki hapa. La mtoto, labda."

Walitupa iliyooza. Iliyobaki waliipeleka kwa fundi, akaiosha, akaichambua upya na kuishonea kitambaa kipya. Kunihiko alisugua kabati, akalikausha, akaweka chaga.

Siku chache baadaye, Kunihiko aliamka alfajiri kwa mshtuko. Kimya, hakuna kikohozi! Alimrukia Wakana, akamwekea sikio kifuani. Mtoto alikuwa akipumua vizuri, amelala juu ya pamba ya mama yake.

"Baba, masharubu yako yananichoma," Wakana alinung'unika.

Wakana alipoinuka, mikono ya Kunihiko ilikwenda yenyewe kukunja godoro. Akaizuia. Alilipindua tu, akafungua dirisha na mlango wa kabati, akaenda kuchemsha chai. Chumba kilikuwa shaghalabaghala. Mwenye kusema na aseme.