Kiatu cha Dohani

Jioni ile nilishuka jikoni kuongeza maji kwenye boila inayopasha nyumba joto, kama nilivyofanya asubuhi. Mshale wa geji ya maji ulikuwa umelala kwenye sifuri tena. Nje theluji, na ghorofani mume wangu Wilf akikohoa. Binti yetu alishasema: nyumba ikilala baridi usiku mwingine, baba yake anakwenda makao ya wazee.

Fundi Garside alikuwa amepiga magoti chini ya boila.

"Hakuna panapovuja, Mama Hilda. Hata mfuko niliofunga kwenye bomba la nje kunasa matone ni mkavu."

"Basi maji yanakwenda wapi?"

"Labda mzee anayanywa kwa siri."

Sikucheka. Akafungua vali, maji yakaingia, mshale ukapanda. Tukasubiri.

Kisha, ndani ya ukuta nyuma ya boila... kitu kikameza. Taratibu, kama mtoto mwenye kiu. Harufu ya masizi mabichi ikajaa jikoni. Mshale ukashuka tukiutazama.

Garside akanong'ona, "Nilipofunga boila hii, humu dohanini, kwenye njia ya moshi ya zamani, nilikuta kiatu. Kikuukuu, cha mtoto."

"Ukakipeleka wapi?"

"Kwenye taka."

Hapa vilimani Yorkshire kila bibi anajua: kiatu cha dohani hakiguswi. Waliojenga walikiacha ili chochote kishukacho dohanini kinaswe ndani ya kiatu, kisifike kwa watu.

"Hameni, mama."

"Wilf kazaliwa nyumba hii. Ahame huyo wa ukutani."

Nikavua kiatu changu cha kushoto, bado kina joto la mguu. Nikakipenyeza katika ufa juu ya boila.

Kikapokelewa.

"Hicho chako," nikasema, kwa sauti ninayotumia kuwakanya wajukuu. "Maji yangu, na mume wangu, usiguse. Umesikia?"

Garside akajaza maji tena. Mshale ukapanda, ukasimama. Mabomba yakaanza kupata joto. Fundi hakungoja chai.

Nikampandishia Wilf supu. Kikohozi kilikuwa kimetulia.

"Hilda, mbona ulipopanda mara ya kwanza ulisimama tu mlangoni?" akauliza. "Nimekusikia kwenye ngazi. Mguu mmoja na kiatu, mwingine mtupu."

Tangu nivue kiatu nilikuwa sijapanda.

Nikampa kijiko. Nikageuza kiti kikatazama mlango, nikavua na kiatu cha kulia, nikakishika mkononi kama mtego.

"Kunywa supu, baba. Hapa hatoki mtu."

Kwenye ngazi, ubao ukalia... ukanyamaza.