Moyo Pacha wa Mwalimu Eliwaza

Moyo ulining'inia katikati ya darasa, mkubwa kuliko tangi la maji, ukidunda polepole bila kugusa dari wala sakafu. Wanafunzi kumi na wawili wa mazoezi-tiba waliuzunguka wakiwa peku, kwa sababu Dkt. Kihwele hakuruhusu mtu aingie ndani ya moyo wa mwenzake na viatu. Ulikuwa mwanga mtupu, lakini kwake hilo halikubadilisha kitu.

"Ingia, Yusta. Tuambie unaona nini."

Yusta Mbeleje aliinama, akapita kwenye vali, kilango cha damu, akasimama ndani ya ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Kila moyo ulipodunda, ukuta mmoja ulijibana na kumsogelea. Ukuta wa pili ulikuwa mweupe, umelegea, hausogei.

"Hapa pana kovu," alisema. "Ateri iliziba, msuli ukakosa damu ukafa. Chumba kimetanuka. Katika kila mafungu mia ya damu inayoingia, yanatoka ishirini tu."

"Na inayobaki?"

"Inarundikana nyuma. Mapafu yanajaa maji, mgonjwa anakosa pumzi, miguu inavimba."

"Inavimba kweli," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Viatu vyangu vyote nimevigawa."

Wote wakageuka. Mwenye moyo alikuwa ameletwa kwenye kiti cha magurudumu: Mwalimu Eliwaza Mshana, mama mstaafu aliyekuwa mwalimu wa hisabati kule Usangi. Chini ya mfupa wa kifua chake madaktari walikuwa wamepandikiza chembe ndogo kama punje ya mchele, nayo ilirusha kila pigo la moyo wake hadi darasani. Mtambo huo uliitwa moyo pacha, na katika Dodoma ya mwaka 2094 hakuna mwanafunzi aliyefundishwa moyo kwa vitabu.

"Shikamoo, mwalimu," Yusta alisema akiwa bado ndani.

"Marahaba, mwanangu. Toka basi, unanitekenya."

Walicheka. Siku hiyo Yusta alikabidhiwa kumfanyisha mazoezi.

Kila asubuhi walitembea kwenye korido ndefu, dakika sita, Yusta akihesabu mita. Alimweleza kwamba msuli uliokufa haufufuki, lakini miguu ikipata nguvu, moyo unapunguziwa mzigo. "Uwe unaongea na mimi. Ukishindwa kuongea, tunapumzika." Mwalimu alichagua kutaja jedwali la kuzidisha la kumi na saba, kwenda na kurudi. Wiki ya kwanza alifika mita tisini. Wiki ya nane, mia mbili na arobaini. Alimpigia simu dada yake na kumwambia ajiandae, anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Moyo pacha ulikuwa na uwezo mwingine: uliweza kupelekwa mbele, ukaonyesha siku ambazo hazijafika. Wiki ya tisa Yusta aliupeleka mbele kwa ajili ya zoezi la darasani. Siku ya kumi na tisa ulitetemeka, ukasimama. Akabadilisha dawa, akajaribu tena. Ukasimama. Mara ya tatu, vilevile.

Alimfuata Dkt. Kihwele ofisini. "Daktari, unajua?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na moyo mpya wa kupandikizwa? Aliambiwa tunaimarisha miguu kwanza."

"Figo zake haziwezi kustahimili upasuaji. Aliambiwa tutaona."

"Sasa tunamtembeza kwa ajili ya nini?"

"Ili aoge mwenyewe, avae mwenyewe. Hilo si dogo, Yusta. Na utabiri hapewi mgonjwa. Sheria hiyo ina sababu yake."

"Sababu gani?"

Daktari alitazama pembeni. "Omba usiijue."

Kesho yake mwalimu alifika mita mia mbili na sitini. Aliketi akihema, uso umeng'aa kwa jasho na furaha.

"Mwanangu, wewe unaingia humo ndani kila siku. Niambie. Ninapona?"

Yusta angeweza kuzungumzia miguu. Angeweza kusema tutaona. Lakini mama huyu alimtazama kama mwalimu anayesubiri jibu, na yeye hakuwa amezoea kumdanganya mwalimu.

"Hapana," alisema. "Zimebaki siku kumi na nane."

Mwalimu Eliwaza hakulia. Alitazama korido waliyoipita. "Kwa hiyo hatua zote hizi zilikuwa za nini?"

Yusta alieleza habari za pumzi, za kuoga na kuvaa. Kila neno lilimtoka likiwa jepesi kuliko lililotangulia.

"Nirudishe chumbani."

Hakutembea tena. Yusta alimkuta kila asubuhi amegeukia ukuta, uji umepoa, vidonge viko palepale kwenye kikombe. Moyo pacha ulihesabu upya siku zilizobaki kila alfajiri, nazo zikapungua haraka kuliko kalenda: kumi na nne, kumi, sita.

"Mwalimu, twende hata mpaka dirishani."

"Kufanya nini?"

"Basi nikufanyie mpango urudi Usangi."

"Dada anajua nakuja nikiwa mzima," alisema, akafumba macho.

Siku ya nane tangu aambiwe, saa nne asubuhi, darasa likiendelea, moyo wa mwanga ulianza kutetemeka kama kitu kinachosikia baridi. Wanafunzi walirudi nyuma. Uliposimama, Dkt. Kihwele aliuzima kwa mkono wake. Hakumgombeza Yusta. Hata kumtazama hakumtazama.

Dada mtu, Bi. Navoneiwa, alikuja kuchukua vitu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikunja khanga za marehemu moja moja kitandani.

"Aliniambia anatembea," alisema. "Kila siku mita zinaongezeka. Halafu ghafla akaacha hata kupokea simu. Nini kilitokea?"

"Nilimwambia hatapona," Yusta alisema. "Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Aliishi nane."

Mikono ya Bi. Navoneiwa ilisimama juu ya khanga. "Ulimwambia?"

"Aliniuliza, mama."

"Aliuliza kwa sababu alikuwa na furaha. Alitaka umwitikie." Alifunga begi. "Ndani ya hizo siku kumi alizokosa ningekuwa nimeshafika. Nilishakata tiketi ya kuja kumchukua."

Alitoka bila kuaga. Yusta alibaki amesimama kando ya godoro tupu, mpaka muuguzi alipochungulia mlangoni na kumwambia kuwa mgonjwa wake mpya yuko koridoni, anamsubiri waanze kutembea.