Rangi Chini ya Waya Mweusi

Kila Jumamosi asubuhi, wasichana wengine wa kijiji cha Idsowe wakifua sare za shule, Loise alikuwa amejikunja chini ya dashibodi ya gari. Baba yake, Harrison, ndiye aliyeendesha pikapu kuukuu ya kamati ya mafuriko, na binti yake alijua kushika spana kabla ya kujua kushika mwiko. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sifa za ufundi zilikuwa zimeanza kumpanda kichwani.

Pikapu ile ilikuwa na redio ya mawasiliano. Mvua kubwa ikinyesha, mtandao wa simu hupotea, na hapo kijiji hutegemea redio hiyo. Bwana mmoja aitwaye Abdikarim alikaa upande wa juu wa mto na redio yake, akitazama maji na kutoa habari. Tatizo lilikuwa mluzi. Injini ikiwaka, redio ilipiga mluzi mwembamba wa kukera, na ukikanyaga mafuta nao hupanda, mpaka sauti ya Abdikarim ikamezwa yote. Kwa hiyo Harrison alikuwa na desturi yake. Redio ikiita, alisimama popote alipo, hata katikati ya tope, akazima injini, kisha akasikiliza. Watu walimcheka kwa hilo, naye hakujali.

"Leo tunaumaliza huu mluzi," alisema Jumamosi moja.

Walifanya kazi tangu asubuhi. Waya mwekundu wa redio waliuvuta moja kwa moja hadi kwenye betri. Kwenye alteneta, mtambo unaochaji betri, walifunga kapasita ya kuchuja kelele za umeme. Waya wa antena, uliokuwa umepita kando ya injini, wakauhamishia upande wa pili. Ilibaki kazi moja ndogo, ile ya kuufunga waya mweusi kwenye mwili wa gari. Hapo Harrison akaitwa shambani, mashine ya maji imekwama.

"Malizia wewe," alimwambia Loise akimpa kipande cha msasa. "Kwangua rangi yote hapo kwenye tundu la skrubu, mpaka chuma king'ae. Waya ukikaa juu ya rangi, umeme hauna njia nzuri, na mluzi utabaki palepale. Ukimaliza, washa injini, kanyaga mafuta, usikilize. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

Alianza vizuri. Lakini rangi ya gari kuukuu ni ngumu, tabaka juu ya tabaka, na vidole vilimuuma. Mara bodaboda ikapiga honi langoni. Juu yake alikaa rafiki yake Dado, nahodha wa timu yao ya voliboli, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Loise! Timu ya Garsen inatungoja, fanya haraka!"

Loise akaitazama rangi. Akaufunga waya juu yake, akaikaza skrubu. Akafungua redio bila kuwasha injini. Ikatulia kimya, safi kabisa. Akajiambia kwamba amejaribu, akakimbilia bodaboda.

Jioni baba alimuuliza, "Ulijaribu redio?"

"Nilijaribu. Haikupiga mluzi hata kidogo."

Hakuna neno hata moja hapo ambalo lingeweza kuitwa uongo, na bado ulikuwa uongo mtupu. Harrison alimshika bega akatabasamu. "Fundi wangu," alisema.

Jumapili kutwa ilinyesha. Kamati ikaweka gari uwanjani na hakuna aliyeligusa. Jumatatu asubuhi Harrison alimchukua Loise kumpeleka shule, kisha apitie kukagua kingo za mto. Barabara ilikuwa tope tupu, injini ikilia kwa nguvu. Redio ikaita.

Mluzi ulijaa gari zima. Nyuma yake kulikuwa na mtu anayepiga kelele, lakini hakuna hata neno moja lililofika.

Loise aliujua ule mluzi, na alijua la kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: Baba, zima gari. Lakini baada yake angeulizwa kwa nini, na angejibu nini?

Harrison aliinua kipaza sauti. "Abdikarim, husikiki. Redio yetu sasa ni nzima, kwa hiyo mluzi huu unatoka kwako. Badilisha betri, nitakuita baadaye." Wala hakusimama. Loise akageuza uso dirishani.

Saa nne walimu walipiga kengele bila mpangilio, ishara ya mafuriko. Maji hayakuja kutoka mtoni, upande ambao kila mtu alikuwa akiutazama. Yalikuja kupitia laga, lile korongo kavu nyuma ya kijiji, ambako Dado aliishi na nyanya yake. Nyanya alikuwa Garsen kuuza maziwa. Ndama wao saba walikuwa zizini, mlango wa miiba umefungwa kama kila asubuhi. Mtu mmoja tu angetosha kuuvuta ule mlango.

Hakuna ndama aliyebaki hai.

Jioni ng'ombe walirudi kutoka malishoni. Ng'ombe wao hawashushi maziwa mpaka ndama anyonye kwanza. Walisimama mbele ya tope lililokuwa zizi, wakaita. Dado alijaribu kumkamua mmoja, asipate hata tone, akaketi chini akalia kwa sauti. Loise aliyaona yote hayo akiwa kando ya baba yake. Abdikarim alikuwa amekwisha kufika kwa pikipiki, na yeye na Harrison walikuwa wakibishana.

"Nimekuita mara sita! Nimesema fungueni ndama, maji yako kwa laga! Betri yangu ni mpya!"

"Na redio yangu ni nzima! Binti yangu aliijaribu!"

Loise hakuweza tena. "Sikumaliza kukwangua rangi," alisema. "Nilijaribu injini ikiwa imezimwa. Asubuhi niliujua ule mluzi, nikanyamaza."

Harrison alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Kisha akamshika mkono, akampeleka mbele ya nyanya wa Dado, aliyekuwa amerudi kutoka Garsen, akamfanya arudie kila neno. Loise alirudia, machozi yakimdondoka. Akamgeukia Dado. "Uliniita haraka, nami—"

"Mimi nilikuita kucheza," Dado alimkata. "Sikukuambia udanganye." Akaingia ndani.

Nyanya akamgeukia Loise. "Mimi siwezi sema si kitu, mtoto wangu. Ni kitu. Kesho mimi nakunywa chai kavu, bila maziwa, na huyu Dado pia. Lakini wewe umekuja kusema mwenyewe. Hiyo pia nimeona."

Siku ya pili Loise alikwangua rangi peke yake mpaka chuma kikang'aa na ncha za vidole zikatoka damu. Akaufunga waya. Akawasha injini, akakanyaga mafuta hadi mwisho. Sauti ya Abdikarim ilikuja safi kama yumo ndani ya gari. Baba alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, basi.

Wiki hiyohiyo walikuwa barabarani redio ilipoita. Hakukuwa na mluzi. Hata hivyo Harrison alikanyaga breki katikati ya tope, akazima injini, ndipo akainua kipaza sauti. Abdikarim alisema maji yanapungua.

"Baba," Loise alisema polepole, "redio imepona."

"Najua imepona." Harrison hakuwasha gari mara moja. "Ilipokuwa mbovu tuliujua ubovu wake, kila mara tukasimama, wala hatukupoteza hata kifaranga. Uliponiambia ni nzima, niliacha kusimama. Mtu akiamini neno lako, huacha kujilinda, Loise. Kwa hiyo usiseme kazi imekwisha kabla haijaisha, na ukikosea, sema mapema, wakati kusema bado kunasaidia. Waya uliutengeneza kwa msasa wa asubuhi moja. Neno lako litachukua muda mrefu zaidi."

Akawasha injini. Mbele yao, kando ya laga, Dado alikuwa akitembea kwenda shule peke yake, na gari lilipompita hakuinua macho.